Mume Wangu Hataki Kumbeba Mtoto

Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili nimepanga kumaliza mambo na sijui kama hii ni akili au ni hasira tu.

Nina mume na mtoto wa miezi mitatu, wa kwanza, na tangu azaliwe baba yake hajambeba, nasema hata siku moja, anamchungulia, anamchekea, anamwimbia, lakini nikimwambia mpokee nikaepue sufuria anasema mikono michafu, na mimi nimemwona akinawa sasa hivi, au anakumbuka kitu alichosahau nje, huyoo, ametoka.

Mwanzoni nilicheka, nikasema ni woga wa wanaume. Sasa sicheki. Mume wangu yuko shamba kubwa la kahawa, yeye ni mtu wa mashine, ile ya mpini mrefu yenye meno kama kitana, ukiiwasha inatikisa tawi zima buni zinamwagika kwenye turubai, huu ni msimu wake wa nne na anaringa nayo kweli, mimi nilikuwa nachuma kwa mkono, ndiko tulikokutana, na alikuwa mtu wa meseji ndefu za mapenzi mpaka nawasomea wenzangu, lakini siku hizi nikimwandikia ananijibu “sw”, basi. Nikapekua simu yake, naungama, sikukuta kitu, nikasema kumbe mjanja, anafuta. Mashati ameyaacha, anavaa fulana hata tukialikwa harusini, nikiuliza ananuna. Amevunja vikombe vitatu, cha tatu ni cha seti niliyopewa na mama, na hakuomba hata samahani, aliutazama tu mkono wake. Asubuhi za baridi anakaa kitandani mikono kwapani, na siku moja niliona vidole vyake vyeupe kama vimepakwa unga, nikauliza umeshika nini, akasema chokaa.

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenifungua macho. Alisema mwanaume asiyeshika mtoto wake ana shaka na mtoto, au ana mwingine nje. Nikamwambia mume wangu usoni, “Kama unaona si wako, sema.” Mshauri, alilia. Nami nikaona hapo dhamiri inamsuta.

Jumapili wakwe wanakuja kumwona mjukuu wao. Fundi amenipa wazo kwamba mbele ya wote, sote tukiwa tumesimama, nimwachie mtoto mikononi ghafla, asipompokea kila mtu atakuwa ameona, nami nafunga virago. Nguo za mtoto ziko kwenye begi tayari. Nifanye hivyo, au nizidi kuvumilia?

Ni mimi, Mama Kichanga

*

Mama Kichanga, marahaba. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote ili jibu likuwahi. Jumapili usimwachie mtoto mikononi. Ukimwachia ataanguka, na haitakuwa kwa sababu baba yake hampendi.

Mwanangu, umepekua simu, hukupekua vidole. Yote umeyaandika mwenyewe. Vifungo vinamshinda, ndiyo maana ya fulana. Herufi za simu zinamshinda, ndiyo maana ya “sw”. Kikombe anakishika lakini hakisikii. Na chokaa gani hiyo ya alfajiri, kitandani? Mashine anayoringa nayo inamtikisa yeye kama inavyoutikisa mti, kutwa nzima, kwa misimu minne. Mtikisiko huo huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Baridi ikija damu haifiki, vidole vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi, na nguvu ya kushika inapungua. Mimi si daktari, na atakayethibitisha ni daktari. Ila kaka yangu alishika msumeno wa mashine miaka kumi na moja, akaficha hivyo hivyo kwa kuogopa mashine asije akapewa mwingine. Leo ana miaka hamsini na mbili na shati namfungia mimi.

Sitakugombeza sana, una mtoto mchanga na usingizi wako ni wa kuibia. Lakini lile neno la “si wako” umemchoma nalo mtu asiye na kosa. Muombe radhi leo, mkiwa wawili. Fundi mwambie ashone nguo.

Jumatatu nenda naye kliniki na uingie naye mpaka ndani, maana wanaume wakimwona daktari husema wamechoka tu. Aeleze anashika mashine saa ngapi kwa siku na ganzi ilianza lini. Akiiacha mapema anaweza kupata nafuu. Akijikaza, kuna hisia ambayo haitarudi. Cheti cha daktari kifike kwa msimamizi, apewe kazi nyingine, na wanaobaki na mashine wapokezane, wasiukabe mpini kama wamekamata mwizi, na mashine inayotetemeka kupita kiasi ipelekwe kwa fundi wa mashine. Hiyo si huruma, ni wajibu wa mwenye shamba, na sitashangaa wenzake nao wakiwa wanaficha. Glovu avae kwa ajili ya joto, asidhani zinazuia mtikisiko. Kama anavuta sigara, aache. Na maji ya kumwogesha mtoto asiyapime kwa vidole, atamuunguza bila kujua.

Begi lifungue, urudishe nguo kabatini. Kisha tandika mkeka sakafuni, umkalishe baba mtoto, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, na umlaze mtoto mapajani mwake. Usimkabidhi, mlaze. Atakwambia anaogopa kumwangusha. Mwambie, “Hapo mlipo hakuna pa kuangukia.”