Uvimbe wa Panya Namba Tisa

Jumanne, Migosi

Na mimi ndiye niliyetenganisha panya madume na majike, na shahada zangu zote tatu!

Siku nne sijalala vizuri kwa ajili ya panya namba tisa. Nilimdunga chanjo yetu ya kuzuia saratani, kisha tumbo likaanza kuvimba. Kichwani nilishaanza kumwandikia Profesa, mkuu wa maabara yetu, kwamba chanjo imeshindwa.

Leo asubuhi nimefungua kizimba, nikakuta uvimbe umekuwa watoto saba. Lile "jike" nililomwekea wiki tatu zilizopita ni dume kamili.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba panya aliyezaa hafai tena kwenye jaribio, na kesho Profesa atataka kujua ni nani aliyekosea. Nitamwambia nini, jamani...

Jioni nikampigia Mama, yuko Bondo, nikitafuta faraja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo dawa yako haijashindwa?"

"Bado, Mama."

"Mungu ni mwema. Na kumbe mume unajua kutafuta, nyathina, mwanangu! Panya umemtafutia. Sasa jitafutie na wewe."