Kata Iliyompita Inoke

Vanua Levu, Jumatatu

Kwa kaka yangu Sakiusa,

Salamu zikufikie huko Sydney, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila mama miguu inamsumbua, na mihogo imekubali mwaka huu. Nakuandikia habari za mdogo wetu Inoke. Tafadhali soma hadi mwisho hata ukikasirika.

Tangu arudi kutoka kuchuma matunda huko Australia, anakunywa. Hilo unalijua. Usilolijua ni dawa waliyomtafutia wazee. Baba mdogo Tevita aliamua kwamba kikaoni kata ya kava, kinywaji chetu cha mizizi kisicho pombe, impite Inoke mpaka aache pombe. Akawa anakaa mkekani na wenzake, anapiga makofi kama desturi, na mimi mgawaji nampa wa kulia kwake, kisha wa kushoto. Vijana wakamtania: "Wewe si una baa yako shambani? Kanywe na mihogo." Akaenda kweli. Akawa analala huko na chupa yake, na hakuna aliyemsemesha.

Wiki iliyopita tulimwokota mtaroni, hajitambui, maji yamemfika kidevuni. Alipozinduka nilimkaripia sana. Akanijibu taratibu kwamba kule shambani Australia alikaa kibandani peke yake msimu mzima, hakuna aliyejua hata jina lake, na chupa ndiyo iliyokuwa mwenzake. "Nilirudi nipate watu, Mosese. Mmenipa kibanda kingine." Nililia, kaka, sikuona haya.

Jumamosi nilimshika mkono nikaingia naye kikaoni, nikajaza kata, nikampa yeye kabla ya wote. Baba mdogo hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba anayempa Inoke naye atapitwa. Sasa hatusalimiwi sote wawili. Inoke analala kwangu, anatetemeka, muuguzi anakuja kumtazama. Hajagusa chupa tangu siku hiyo. Naogopa, maana sijui kama mtu mmoja anatosha.

Jana aliniambia jambo ambalo siwezi kukuficha. Kabla ya kuanguka mtaroni alikuwa amekupigia simu. Ikaita, ukaikata. Akapiga tena, ukaikata tena. Sikulaumu. Mimi nilimnyima kata huku ananitazama machoni.

Mama anakusalimu sana, anawaombea watoto. Nibusie yule mdogo. Inoke hathubutu kukutumia salamu, lakini Jumapili baada ya ibada atakupigia. Pokea, hata kama huna la kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Mosese