Shakwe wa Mitchell

Jumanne, 14 Januari 2025
Mabwawa ya maji taka, Ruiru. Baridi, ukungu. Shakwe wanane, wote wa kawaida. Nimehesabu kwa macho tu—darubini ya nini? Miaka kumi na moja nakuja hapa. Nawajua kama kuku wangu wa nyumbani, Gitothua.

Alhamisi, 16 Januari
Haiya! Mitchell ameweka picha kwa grupu yetu ya watazama ndege. Yule msichana wa mtaa wa Membley, ameanza kutazama ndege juzi tu Oktoba! Anasema shakwe mmoja ni mdomo-mwembamba, ndege wa bahari ya mbali. Kwa Ruiru, mabwawani kwangu, Jumanne ileile! Nimekuza picha. Shingo ndefu, jicho jeupe. Ngai, ni kweli. Ni mmoja wa wanane wangu.
Nimeandika "Hongera." Mkono mzito.

Ijumaa, 17 Januari
Wivu. Basi, nimesema. Wanja, mke wangu, anauliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 18 Januari
Mitchell aliomba twende pamoja. Ndege alikuwa pale karibu, hata miguu nimeiona, myekundu. Mitchell anaruka-ruka: "Mwalimu, umemwona? Umemwona?"
Nikasema sijamwona vizuri, jua liko machoni. Na kulikuwa na mawingu!

Jumapili, 19 Januari
Kanisani sikuimba. Kamati ya rekodi za ndege imemjibu Mitchell: picha haitoshi, mdomo hauonekani vizuri. Ndege adimu hivyo anataka shahidi wa pili, mtu mzoefu. Wamemwambia aniulize mimi. Thika na Ruiru nzima, mimi! Nimefurahi dakika moja. Halafu nikaelewa. Nikisaini, jina la kwanza kwenye rekodi ni lake. Mimi ni shahidi tu. Na wataona hesabu niliyowatumia Jumanne: wanane, wa kawaida. Aibu gani hii!

Jumatatu, 20 Januari
Nimerudi mabwawani, peke yangu. Fomu iko kwa simu, mwisho ni leo saa sita mchana. Yuko. Anaogelea hapa mbele. Mrembo, shetani huyu.
Mitchell amepiga. "Uko wapi, mwalimu?" Nikasema niko nyumbani, nakunywa chai. Akasema ni sawa, kama sikumwona vizuri nisisaini, hataki nidanganye kwa ajili yake. Hataki nidanganye!
Hapo kipanga akapita chini-chini. Shakwe wote wakaruka wakipiga makelele.
Mitchell akawasikia. Halafu, polepole: "Mwalimu... hao si shakwe?"
Nimekata. Anapiga tena. Hii ni ya tatu sasa, na saa ni tano na nusu, fomu bado haina saini—