Swali la Barazani

Moa, 6 Machi 2025

Mwanangu Ghaliya,

Salaam aleikum. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanajifanya wazee kuliko mwenyewe. Wewe je, unafuturu nini huko Mkwaja? Usiniambie chai na andazi la juzi. Kwenye simu nasikia mvumo mtupu, kwa hiyo barua hii nampa Uweso wa bodaboda akaipakie kwenye basi.

Nyumbani hakukaliki. Kaka yako Nawaf amepata mnunuzi wa shamba la marehemu baba yako, naye anataka ardhi tupu. Unajua mwenyewe mambo yalivyo: ardhi ni yetu, minazi iliyo juu yake ni ya jirani zetu, kina Ernesti. Babu yako ndiye aliyemruhusu apande, alipoacha kazi kwenye mashamba ya mkonge hana pa kwenda, na tangu hapo kila mtu na chake. Sasa Ernesti hayupo, minazi ni ya mkewe Anjela na mwanawe Anold. Nawaf anasema ataikata. Anold anasema thubutu.

Mimi na Anjela ndiyo hatusemeshani kabisa. Tangu niolewe hapa, kila Ramadhani Anjela ananiletea muhogo wa futari, Mlutheri yule! Mwaka huu haukuja. Nimenunua wa sokoni, nikaula kwa hasira.

Si wewe daktari wa kuzuia watu wasipigane? Kila nikifungua redio, Ghaliya huyo. Njoo basi uzuie na hapa, kabla hawa vijana hawajauana.

Mama yako,
Harusi

Mkwaja, 13 Machi 2025

Shikamoo mama,

Natumaini magoti yamepoa. Nafuturu vizuri, uji na tende, usinihofie. Barua yako imenitoa kwenye kiti. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena, mpaka wenzangu wakauliza kuna msiba?

Unajua kazi yangu ilivyoanza, mama. Nilikuwa natibu watu waliolemewa na mawazo, nikataka kujua kwa nini huyu anastahimili na yule anavunjika. Nikagundua wengi wamelemewa na ugomvi na jirani. Ndipo nikaanza kuchunguza ugomvi unazuiwaje kabla ya mapanga. Hapa Mkwaja wakulima na wafugaji walikuwa hawapeani hata salamu, leo wanakula sahani moja.

Lakini Moa siwezi kuja kuamua. Mimi ni dada yake Nawaf, kina Anold wataniaminije? Nimeona bora niiingize Moa kwenye utafiti. Nitamtuma msaidizi wangu, Precious, apite kila nyumba na maswali yetu. Mtu akisikilizwa hupoa, nimeliona hilo kila nilikopita. Wewe mtulize Nawaf tu.

Mwanao,
Ghaliya

Moa, 9 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Idi imepita salama, na salama yenyewe imeishia hapo.

Precious wako alikuja. Binti ana adabu, sina neno naye. Akataka amhoji Nawaf faragha. Faragha! Msichana na mwanamume mlango umefungwa, Moa hii hii? Nikawaweka barazani. Na baraza yangu unaijua: wanywa kahawa wapo, muuza samaki kasimama na baiskeli yake, kila mtu katega sikio. Binti akasoma, "Umewahi kuwaza kumdhuru mtu kwa ajili ya ardhi?"

Nawaf angejibu nini mbele ya wanaume wale? Hapana? Wangemcheka mpaka Idi ijayo. Akasema, "Kuwaza tu? Anold akisimama mbele ya ile minazi namfyeka pamoja nayo." Watu wakapiga makofi, binti wa watu akaandika. Kahawa haijapoa, Anold keshaambiwa.

Maneno hayo Nawaf alikuwa akiniambia mimi jikoni, namwambia nyamaza, ananyamaza, anaomba chai. Sasa yamekuwa ahadi ya mji mzima. Akirudi nyuma ni mwoga, na Anold akikaa kimya ni mwoga vilevile.

Nakulaumu, Ghaliya. Nakulaumu na nakuhitaji. Njoo ukae pale pale, mbele ya wale wale, useme swali ni lako na halikuwa na maana. Watu wakucheke wewe. Hapo hawa wawili watapata pa kupitia.

Mama yako,
Harusi

Mkwaja, 16 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Nimesoma nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kote tulikopita wanaume walihojiwa na wanaume, huko Moa nikamtuma Precious kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Nimekulia kwenye baraza ile, mama! Nilisahauje kwetu?

Ila nina safari ya Nairobi. Wafadhili wanakutana huko kuamua kama kazi yangu yote iendelee au ife. Na jibu la mtu kwenye utafiti ni siri, siruhusiwi kulitaja hadharani. Mwishoni mwa Mei nitakuja, nakuahidi. Mshike Nawaf mpaka hapo, tafadhali.

Mwanao,
Ghaliya

Moa, 24 Aprili 2025

Ghaliya,

Hatujambo. Siri gani hiyo ambayo hata mbuzi wa Moa wanaijua? Nenda Nairobi, Mungu akufungulie.

Mama

Nairobi, 17 Mei 2025

Shikamoo mama,

Hujaniandikia. Uweso simu yake haipatikani, Nawaf hapokei. Kama ni hasira, nitukane, lakini andika.

Nimezungumza mbele ya ukumbi mzima, nimeeleza namna ya kuuona ugomvi ungali mchanga. Wakashangilia. Mzee mmoja akauliza, "Na huko kwenu Moa, imekwendaje?" Nikamwambia bado tunachambua majibu. Nimedanganya, mama, na sauti haikutetereka hata kidogo.

Wamekubali kazi iendelee. Nilipaswa kufurahi, kumbe nazunguka chumba tu. Nakuja. Nakata tiketi leo, nitasubiri neno lako Dar.

Mwanao,
Ghaliya

Hospitalini, Tanga, 20 Mei 2025

Mwanangu,

Kaka yako yu hai. Nimeanza na hilo usije ukadondoka.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, wale wanywa kahawa walimuuliza Nawaf, "Vipi, utafyeka lini?" Akachukua shoka, akaenda, nao nyuma yake kutazama. Mnazi mmoja tu ulianguka. Anold akatokea na panga, akamkata mkono, kutoka begani mpaka kiwikoni. Alipoiona damu akalitupa panga, akalia kama mtoto. Akavua shati akamfunga Nawaf, wakapanda bodaboda ya Uweso, akamkumbatia njia nzima asianguke. Alipomfikisha akaenda polisi mwenyewe. Wale watazamaji hata mmoja hakufika hapa.

Daktari anasema vidole huenda visikunje tena. Nawaf alipozinduka aliuliza, "Anold wamempa chakula?" Nikatoka nje nikalia.

Usije hapa. Mimi niko na Nawaf, shangazi yako ananiletea chakula kutoka Nguvumali. Nenda Moa kwa Anjela. Yuko peke yake, na watu wetu wanapita mlangoni kwake wanatema mate. Nimemtumia salamu, hakujibu, na sijui mimi ningejibu nini. Nenda ukae naye, Ghaliya. Usimuulize kitu.

Mama yako,
Harusi

Moa, 23 Mei 2025

Shikamoo mama,

Pole kwa kuuguza. Mwambie kaka nampenda, na kwamba nitakuja kumwomba radhi ana kwa ana.

Nimekwenda moja kwa moja kwa mama Anjela, nyumbani sijapita. Alifungua mlango, akasimama katikati. Nilimwamkia, hakuitikia. Akasema, "Kama umeleta maswali yako, rudi nayo."

Nikamwambia sina swali, nimetumwa na mama.

Akasogea, mama, akanipisha nipite.

Mwanao,
Ghaliya