Mtoto Mzito Tuliyemshangilia

Kwako Mbuya, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, wewe unayeniita yaya, dada mkubwa,

Simu yako haipiti tangu mvua za mwaka jana. Nimejaribu namba yako, ya mumeo, na ile ya jirani mliyesafiri naye, uliyoniandikia kiganjani siku mlipopanda gari-moshi. Ndiyo maana naandika wazi, na karatasi hii ninawapa wake wa askari wanaoondoka kambini kwenda huko mashariki mlikopelekwa na jeshi. Atakayeisoma na aisome. Sina tena nguvu ya kuficha.

Unakumbuka ulivyokuja materniti yetu mara ya kwanza na ile mimba? Ulishuka kwenye baiskeli ukicheka kabla hujafika mlangoni. Kwenye benchi walikaa wanawake waliokonda, wengine wametoka mbali, mabega yao yote mifupa. Kazi yangu ya ukunga pale Kamina ilikuwa kukimbiza kilo. Nilikuwa nawaambia kila siku, mama kula, usipoongezeka mtoto atazaliwa mdogo. Nilipokea watoto wa kilo mbili, wengine hata hawakufika, nikawafunga kifuani mwa mama zao wapate joto. Basi ulipopanda kwenye balansi, mizani yetu, na mshale ukaruka, niliwaita wenzangu.

"Mukuye mumuone mudogo wangu! Mwanamuke njo huyu!"

Ukageuka taratibu kama bibi harusi. "Yaya, bwana wangu anasema niko muzito kama gunia ya muhindi."

Tulicheka sote, hata wale waliokonda. Kila mwezi uliongezeka, na kila mwezi niliandika kwenye fishi yako, kadi ya kliniki: vizuri sana. Mwandiko ni wangu.

Kiu ilikuwa imekushika. Ulikunywa munkoyo jagi zima, ile togwa tamu ya mahindi, na bado uliiongezea sukari. "Minyi niko na kiu sana, yaya. Mutoto njo anakunywa yote." Nami nikakujazia tena.

Mwezi wa saba wa mimba tulikaa nyuma ya nyumba yako kambini, tunachambua majani ya sombe, kisamvu. Ukasema bila hata kuinua macho, "Yaya, ku choo yetu sisimizi banakuya kila asubui. Fasi ninakojoa, njo banajaa."

Nikakujibu, "Mutoto wako atakuwa tamu."

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Lakini mimi, Mbuya, wakati ule ule nilikumbuka. Shuleni kwa wauguzi mwalimu alitufundisha kwamba mkojo unaoita sisimizi una sukari. Nilikumbuka majani yakiwa mkononi mwangu. Nikakutazama, ngozi inang'aa, mikono minene, nikajiambia sukari ni ugonjwa wa wazee na wakubwa. Karatasi za kupimia mkojo hatukuwa nazo, ni kweli. Ila ningeweza kukupeleka hospitali kubwa. Sikukupeleka. Hili sijamwambia mtu hadi leo.

Ulijifungua asubuhi, mvua ikinyesha. Kichwa kilitoka, mabega yakagoma, na kwa muda nilidhani nitawapoteza nyote wawili. Kisha akatoka, akalia kwa sauti nene. Karibu kilo tano! Mama mkwe wako alicheza kwenye korido akiwa peku. "Huyu anazaliwa na miezi tatu!" Jirani yako Mama Feza, muuza samaki, alikuletea samaki wakavu wa Kinkondja kwa ajili ya mchuzi, akainama juu ya mtoto, akasema, "Eh! Huyu haiko mutoto, ni mubaba." Wote tulishangilia. Mimi nilishangilia kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza mwezi ule nilikuwa nimepokea mtoto ambaye uzito wake haukunitia hofu.

Akalala. Ulikuwa umechoka, hata kukaa ulishindwa. Uliniuliza, "Yaya, nimuamushe anyonye?"

Nami nikasema, "Muache. Mutoto munene hivi iko na akiba. Alale."

Ni mimi niliyesema. Si mama mkwe, wala si mtu mwingine.

Mchana mikono yake ilianza kutetemeka. Mama mkwe akasema ni baridi ya mvua, tukamfunika blanketi. Nikaenda kumshughulikia mzazi mwingine. Niliporudi nikaongeza blanketi la pili, bila kumfunua. Nilipokuja kumfunua baadaye alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nilimpulizia mdomoni, nikamsugua mgongo, nikamwita jina la baba yetu, kwa kuwa la kwake hakuwa amepewa bado. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha. Wewe hukulia. Uliniuliza sababu tu, "Juu ya nini? Si alikuwa na nguvu?"

Watu hawapendi swali likae bila jibu. Mama mkwe akasema ni jicho baya. Nani alimsifu mtoto kwa mdomo wake? Mama Feza. Katika juma moja kambi nzima ilijua. Hakuna aliyenunua tena samaki wake. Watoto wake walisukumwa kwenye foleni ya maji. Siku moja alikuja kwako na sahani ya chakula, ukaimwaga mbele ya miguu yake, nami nilikuwa nimeketi pale pale. Aliniangalia mimi, muuguzi, mtu wa shule, akingoja niseme neno. Nikainamisha uso. Aliondoka kwenda kwao Bukama na wanawe, na mumewe hakumfuata.

Miaka miwili baada ya hapo alikuja daktari mmoja kutufundisha. Ninyi mlikuwa mmeshahamishwa. Nilimweleza habari yako kama ya mgonjwa nisiyemjua. Hakuniacha nimalize.

"Alikuwa na kiu? Alikojoa sana?"

"Ndiyo, dokta."

Akachora tumbo ubaoni. Akasema kondo la nyuma linatoa homoni, na homoni hizo zinaizuia insulini ya mama, ile inayoshusha sukari, isifanye kazi yake. Kwa wengi mwili unajitahidi, unaishinda hali hiyo. Kwa mama mwenye uzito mkubwa unashindwa mara nyingi zaidi. Sukari inajaa kwenye damu, inapita kwa mtoto. Mtoto naye anatengeneza insulini yake nyingi, na hiyo ndiyo inayomnenepesha.

"Sasa unakata kitovu," akasema. "Sukari ya mama inakatika palepale. Lakini insulini ya mutoto inabakia, inakula ile kidogo iko mu damu. Anatetemeka, analegea, anakufa."

Nikamuuliza, "Angepona na nini?"

"Maziwa. Saa ile ile. Ikishindikana, dripu ya sukari." Alikuwa anafuta ubao tayari.

Mwanao alikufa kwa kukosa sukari, Mbuya, yeye aliyeumbwa kwa sukari kupita kiasi. Unene wake haukuwa akiba. Ulikuwa ni ugonjwa, nasi tuliupigia vigelegele.

Nilipanda gari-moshi hadi Bukama kumtafuta Mama Feza. Niliambiwa alikwisha kufa kwa homa, na wanawe wamegawanywa kwa ndugu. Nilirudi na samaki ambao sikumbuki nilinunua kwa nani.

Siku hizi karatasi za mkojo zinakuja, zinakwisha, tunakaa miezi bila. Mtoto mzito akizaliwa namweka titini mwenyewe, hata mama akiwa amezimia kwa uchovu, na kina mama wakwe wananong'ona kwamba nimeingiliwa na pepo. Wengine wanapona. Ungedhani hilo linanipa usingizi. Halinipi. Kila anayepona ananionyesha jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alirudi kambini na kifurushi kimoja kichwani. Alisema alikuona barabarani mwaka jana, miongoni mwa watu wanaokimbia, una mimba kubwa sana, unaomba maji kwa kila nyumba. Nilimuuliza mara tatu kama ni wewe. Alitaja kovu lako la kidevuni.

Nimehesabu miezi. Umeshajifungua zamani. Daktari alisema hali hii mara nyingi hurudi kwenye mimba inayofuata. Hukulijua hilo, kwa sababu mimi nilipolijua ulikuwa mbali, na kabla ya hapo nilikuwa na dokezo na nikalinyamazia. Sijui ni nani alikupokea. Sijui kama kulikuwa na mtu.

Sikuombi unisamehe, na siamini kwamba karatasi hii itakufikia. Ila kama uko hai, na bado jioni unamlaani yule mwanamke wa samaki kama ulivyozoea, acha. Hakufanya lolote ila kumpenda mwanao kwa maneno. Laana hiyo nielekezee mimi. Njia ya kwangu unaijua.

Ni mimi, yaya yako, niliyekupima.