Makande ya Mbegu

Mjukuu wangu Rehema,

Huku hatujambo. Masika yameanza, mama yako anapanda mahindi, na ng'ombe wetu kazaa ndama jike.

Umeuliza kama nami niliwahi kuharibu kazi, maana huko Doha umeunguza abaya ya mama unayemfanyia kazi za nyumbani kwa pasi. Mjukuu wangu, masika ya kwanza baada ya kuolewa nilipika makande kwa mahindi yote ya mbegu! Mama mkwe alifunua chungu, akacheka: "Lete sahani, tule shamba letu." Nikaleta sahani kwa aibu. Kesho yake tukazunguka naye kwa majirani kuomba mbegu, tukapanda.

Msimu uliofuata, mbegu zote alinikabidhi mimi nizitunze.

Akuombeaye daima,
Bibi yako