Miili Minene

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeanza chura. Chura wa ukutani, maana wa kweli hawajaletwa. Mwalimu wa baiolojia — Bwana Yaani, darasa zima linamwita hivyo akigeuka tu — alisimama mbele ya chati na fimbo yake, akaanza kusoma. Kusoma, si kufundisha. Kichwa kisicho na shingo. Macho yaliyotokeza. Ngoma ya sikio. Mguu wa nyuma, vidole vitano vyenye utando. Mguu wa mbele, vidole vitano. Na sisi arobaini na wawili tunaitikia kama kasuku.

Mguu wa mbele wa chura una vidole vinne. VINNE. Nimevihesabu tangu nikiwa mdogo, kwenye mtaro nyuma ya nyumba yetu. Mtu mzima mwenye shahada hajawahi kumtazama chura?

Sikusema kitu. Mimi huwa sisemi. Nikinyoosha mkono sauti inabaki tumboni, mkono unabaki juu peke yake, halafu naushusha nikijifanya najikuna kichwa.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile chati ameichora baba. Pembeni chini kuna saini yake na namba ya simu, kama kwenye mabango yote ya mtaa: kinyozi, fundi cherehani, duka la dawa. Kinyozi wa kwenye bango ana vidole sita mkono wa kulia. Miaka minane sasa, watu wananyolewa tu.

Jumanne, 4 Machi

Ndani ya chura. Ini, vipande vitatu. Kifuko cha nyongo, kijani. Moyo wenye vyumba vitatu. Utumbo. Figo. Na juu ya figo kuna vitu vya njano kama vidole vya glovu, vimeandikwa "miili minene".

Kidomo, jirani yangu wa dawati — mdomo wake haujui likizo — akauliza kwa nini inaitwa minene. Bwana Yaani aliitazama chati muda mrefu. Yaani, akasema, inaitwa minene kwa sababu si miembamba.

Darasa zima likaandika. Si miembamba. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, kalamu zote zinakwenda. Kidomo kapiga na mstari kwa wino mwekundu. Hawa wanataka kuwa madaktari.

Nami niliandika. Lakini kwa dharau.

Alhamisi, 6 Machi

Vyura wamefika! Wanane, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mtunza maabara aliwalaza kwa dawa, tukapewa sinia moja la nta kwa watu watano au sita. Miguu ikabanwa kwa pini. Mkasi kidogo, ngozi kwanza, halafu nyama ya tumbo. Ngozi ya chura imelegea, inanyanyuka kama shati. Watoto wa kiume wa meza ya mbele, wale wanaojigamba kila siku, mmoja katapika kwenye beseni la kunawia.

Mimi nilikata. Moyo ulikuwa bado unapiga, mdogo, mwekundu, bila haraka. Ulimi nao — umeshikwa kwa mbele, si kwa nyuma kama wetu, unakunjukia nje. Nilitaka kumwonyesha mtu. Kidomo alikuwa amefumba macho.

Halafu mtu wa meza ya tatu akasema, mwalimu, wetu ana vidole vinne. Bwana Yaani akaja, akainama. Huyu ni kilema, akasema. Meza ya tano: na wetu pia. Huyo kakatika wakati wa kukamatwa. Akaenda hivyo meza kwa meza. Vyura wanane, wote vilema. Chati ndiyo nzima.

Na watu wakachora vidole vitano, chura akiwa palepale mbele yao.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Mkaguzi wa elimu anakuja Alhamisi kuona somo la chura. Akiipenda ile chati, baba atachora za shule zote za wilaya. Na mwanafunzi mmoja atasimama kuieleza mbele ya wageni. Bwana Yaani kanichagua mimi. Sababu aliitoa mbele ya watu: wewe una mwandiko mzuri na huna maneno mengi, utasoma kilichoandikwa.

Nimechaguliwa kwa sababu ni bubu.

Baba alikuwa ameshapata habari. Tangu yafunguliwe yale maduka mawili yanayochapa mabango kwa mashine, brashi zake zimekauka, anakaa tu kibarazani anaziosha brashi safi. Leo alikuwa anapiga mluzi. Ananiita mama, maana nimerithi jina la mama yake. "Mama, kumbe ni wewe utakayeisoma! Kazi yangu, sauti yako."

Sauti gani, baba.

Sijui nini kilinipanda. Tulikuwa mezani, nikasema nikiangalia sahani, kwa sauti ile mbaya ninayoitumia humu daftarini tu: chura ana vidole vinne, baba, hata mtoto wa chekechea anajua. Mluzi ukakatika. Mama akanikazia macho. Baba akaanza kula taratibu. Nilijisikia mkubwa kama kwa dakika mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilimkuta baba amechuchumaa kwenye mtaro, suruali imekunjwa hadi magotini, kashika chura mkononi. Anahesabu kwa sauti. Kainua kichwa, hakuwa na hasira hata kidogo. "Vinne, mama. Una macho wewe. Mimi nilichora mkono wa mtu."

Heri angenifokea.

Mchana akatoa sanduku la karatasi zake za zamani, atafute mchoro wa kwanza ajue kosa lilianzia wapi. Akaupata. Mkono wa mtu kweli, hata kucha zipo. Chini ya mchoro kulikuwa na karatasi nyingine, ya daftari. Akanipa akitabasamu. Mwandiko wangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, bado nasoma ile shule ya Kiingereza kitupu, na shule hii ya sasa, inayofundisha kwa Kiswahili, ilikuwa imempa baba kitabu cha Kiingereza ili anakili mchoro. Hajui Kiingereza. Akanipa kazi ya maneno. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, mistari imepigwa kwa rula. Nilikumbuka hata harufu ya ile rula.

Liver, ini. Kidney, figo. Fat bodies, miili minene.

Nilisoma mara tatu. "Fat" nililijua kuwa mnene, basi nikaandika mnene. Sikumuuliza mtu. Ni mafuta! Ni mafuta ya akiba, chura anayatunza mwilini kwa ajili ya siku za njaa, na nilikuwa nayo kwenye ncha ya kibanio siku ya Alhamisi, ya njano, yanateleza, na bado sikuelewa.

Miaka mitano watoto wa shule hii wanaandika upumbavu wangu. Si miembamba. Nani aliyewacheka wiki hii?

Nikafungua mdomo nimwambie. Baba akawahi: "Vidole ni kosa langu. Maneno nilikuachia wewe, hapo sina wasiwasi." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati.

Nikafunga mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu wakati wa chai. Nimejaribu akiosha brashi. Mara ya tatu akauliza, unaumwa tumbo, mama? Nikasema ndiyo.

Kumdharau Bwana Yaani ni rahisi sana. Yeye angalau hadharau mtu.

Jumatano, 12 Machi

Baada ya masomo baba alikuja shuleni na kopo la rangi. Nilimshikia ngazi. Kidole cha tano kimefutika, ukigusa tu ndiyo unajua palikuwa na kitu. Bwana Yaani alisimama nyuma yetu, akasema, yaani, nilikuwa na shaka nacho siku nyingi. Muongo. Baba akamjibu, pole mwalimu, nilikutia aibu. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Nikadhani tumemaliza. Baba akarudi hatua mbili, akafumba jicho moja. "Maneno yamefifia. Mkaguzi akikaa nyuma hataona." Akapanda tena. Rangi nyeusi, brashi nene, herufi moja moja. Ini. Figo. Nilikuwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili. Alipofika pale alichukua muda kuliko kwingine kote. MIILI MINENE. Sasa inasomeka mpaka getini.

"Hapo je?" akauliza.

Nikasema, "Pazuri."

Alhamisi, 13 Machi

Niko stoo ya maabara, nimekalia ndoo ya vyura, naandika juu ya goti. Sinia liko tayari. Chura wangu, mpya, wa mtaroni kwetu, nimemfungua vizuri kuliko yule wa siku ile, kila kitu kiko mahali pake, na yale ya njano nimeyatandaza juu ya figo kama petali za ua.

Mlango haufungi sawasawa, nasikia kila kitu. Mkaguzi kafika, kikohozi chake kama cha mwenye nyumba. Amesifu rangi. Amesoma kwa sauti, ini, nyongo, akafika pale. Miili minene ni kitu gani, ameuliza. Bwana Yaani kasema, yaani, mwanafunzi atakuja kueleza. Halafu nikamsikia baba, anacheka kwa furaha: "Muulizeni yeye, mzee. Maneno yote ni yake. Ndiye mwenye Kiingereza nyumbani kwangu."

Kidomo kachungulia. "Twende, wanakusubiri. Unaandika nini?"

"Mafuta," nimemwambia.

"Mafuta ya nini?"

Kanitazama kama nina homa. Ndilo neno la kwanza nililosema leo, na limetoka bila kukwama.

Sasa nilirudie kule ndani. Baba kakaa mstari wa pili, katikati, na ile karatasi iko mfukoni mwake.